Kabla hujabonyeza, tazama tawi

Wadogo zangu mnaokuja ofisini kwetu Malindi kwa mafunzo ya kazi, nawapenda, lakini swali la "mbona kitufe hakionekani?" kule GitHub, tovuti tunakohifadhi kodi zetu, limenichosha. Haya, tulimalize.

1. Kitufe cha kuendesha mtiririko (workflow, yaani kazi ambazo GitHub hutufanyia yenyewe, kama kupeleka tovuti kwenye seva) kwa mkono, ambacho GitHub waliongeza mwaka 2020, hakitokei mpaka faili la mtiririko lenye neno workflow_dispatch liwepo kwenye tawi kuu, kwetu main (tawi ni nakala ya mradi inayoendelezwa kando). Ukiliweka kwenye tawi lako peke yake, utasubiri mpaka alasiri iadhiniwe. Unganisha kwanza faili dogo, hata liwe linachapisha mstari mmoja tu, kisha endelea kulijenga kwenye tawi lako.

2. Ukichagua tawi, faili linaloendeshwa ni la tawi hilo, si la main. Hapa ndipo watu huumia.

Msimu wa Agosti, wageni wamejaa mji, mwenzetu mmoja alitaka kujaribu ukurasa wa malipo wa hoteli tunayoihudumia. Kwenye main tulishaweka swali: seva ya majaribio au seva ya wateja? Usipojibu, kazi inakwenda ya majaribio. Yeye akachagua tawi lililokatwa kutoka main kabla swali hilo halijakuwepo. Fomu ikafunguka bila swali lolote, kitufe kitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara, na hakuna aliyemfundisha kuisoma. Akabonyeza. Toleo la zamani likatua kwenye seva ya wateja, bei za msimu uliopita zikarudi mbele ya wageni. Dada wa mapokezi ndiye aliyetupigia simu, sisi hata habari hatuna.

Tukaendesha kutoka main, tovuti ikakaa sawa. Kumbe kijana wetu, kwa hofu, bila kumwambia mtu, amekwenda kwenye mwendo (run) ule wa kwanza alioubonyeza akauendesha tena, akidhani utachukua marekebisho mapya. Hauchukui. Kurudia mwendo ni kurudia komiti (commit, toleo la kodi lililohifadhiwa) ile ile ya mwanzo. Bei za zamani zikarudi mara ya pili, na safari hii aliyepiga simu ni mwenye hoteli. Kijana alilia. Kubonyeza si kosa la kumgombeza mtu. Lililoniuma ni kunyamaza ilhali tumekaa meza moja. Jamani, semeni. Hatuwali.

3. Msitegemee onyo lililoandikwa ndani ya faili, maana kila tawi lina nakala yake. Ufunguo wa seva ya wateja usikae kwenye siri (secrets) za ripo nzima, yaani za hifadhi yote ya mradi. Uwekeni ndani ya mazingira (environment) yake kwenye mipangilio ya GitHub, na main peke yake iruhusiwe kuyatumia. Faili la zamani lisiloyataja mazingira hayo halitaupata ufunguo. Likiyataja kutoka tawi jingine, litakataliwa.

4. Kwenye terminali, amri ya gh workflow run (gh ni programu ya GitHub ya terminali) bila --ref, yaani bila kutaja tawi, huenda tawi kuu. Andikeni --ref kila mara.

5. Ratiba za kroni (cron, za kuendesha mtiririko kwa saa maalumu) hufuata tawi kuu tu, tena kwa kawaida kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mmoja wenu alitaka ripoti saa tatu asubuhi, akaandika 9, ikawa inafika saa sita mchana, naye analaumu intaneti ya Malindi. Andikeni 6.

6. Matawi yaliyokwisha kuunganishwa yafuteni leo. Ukiogopa kufuta la mwenzako, muulize kwanza.