Je, Buddha na Yesu walifundisha jambo moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, Mlutheri wa kuzaliwa. Juzijuzi nilipandisha mlima kundi la wageni. Mmoja wao, Mmarekani aliyeingia Ubuddha ukubwani, alinikalisha kambini usiku akinieleza dini yake. Alisema Buddha na Yesu walifundisha jambo lile lile, yanayotofautiana ni majina tu. Pia kwamba Yesu alisomea India kabla hajaanza kuhubiri, na kwamba Ubuddha si dini bali ni falsafa kwa kuwa hauna Mungu. Sikuwa na la kujibu, nikabaki kuitikia kwa adabu. Naomba unifafanulie kitaalamu: mifumo hii miwili ya imani inakutana wapi na inaachana wapi? Na je, nikifanya ile meditesheni yao nitakuwa nimeikosea imani yangu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la India, tulimalize mapema, maana mgeni wako hakulitunga yeye. Chanzo chake ni Nicolas Notovitch, mwandishi wa habari Mrusi, ambaye mwaka 1894 alichapisha kitabu mjini Paris akidai kwamba katika monasteri ya Hemis, kule Ladakh kaskazini mwa India, alisomewa hati za kale zinazosimulia maisha ya "Issa" miongoni mwa makuhani na watawa wa India. Mwaka huo huo Max Müller wa Oxford, bingwa wa dini za India, aliandika kuonyesha kwamba habari hizo haziaminiki. Mwaka uliofuata J. Archibald Douglas, aliyekuwa mwalimu Agra, alifunga safari hadi Hemis akamhoji mkuu wa monasteri. Mkuu akakana: hati hakuna, wala hakumsomea mtu. Ni kweli Injili hazisemi Yesu alikuwa wapi tangu umri wa miaka 12 hadi kama 30, na pengo hilo huwatamanisha watu kulijaza. Lakini soma Marko 6: watu wa Nazareti wanamshangaa seremala wao, na wanawataja ndugu zake kwa majina. Mtu aliyerudi juzi kutoka masomoni ng'ambo hashangaliwi hivyo.

Kilichosafiri kweli ni kisa cha Buddha kuja kwa Wakristo. Kile cha mwana wa mfalme aliyefungiwa kasrini asione uzee, maradhi wala kifo, na siku alipoviona akauacha ufalme. Kilitoka India, kikapita katika Kiarabu, Kigeorgia, Kigiriki na Kilatini, na huko njiani kikageuka kisa cha watakatifu wawili, Barlaam na Josaphat. Josaphat akaingizwa katika orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma, tarehe 27 Novemba. Basi kwa karne kadhaa Wakristo wa Ulaya walimheshimu Buddha bila kujua. Mgeni wako akirudi, mpe hicho badala ya kile cha Notovitch. Angalau hiki kina ushahidi.

Sasa swali lenyewe. Wanaosema dini hizi ni moja karibu wote hulinganisha maadili, na hapo kweli wanaona mfanano. Mbuddha wa kawaida hushika maagizo matano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Mlutheri ataona hapo nusu ya katekisimu yake. Lakini usiue na usiibe utazikuta hata kwa mzee wa mila ambaye hajawahi kufungua Biblia wala sutra, yaani andiko la Kibuddha. Maadili hayakupi kipimo cha kutenganisha imani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waulize maswali mengine: dini hii inasema binadamu ana shida gani, shida hiyo imetoka wapi, na nani anayeiondoa? Hapo njia zinaachana, na zinaachana mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua wanawake wawili waliofiwa. Katika mapokeo ya Kibuddha yuko Kisagotami, aliyempoteza mwanawe wa pekee akawa anazunguka na maiti kifuani akiomba dawa. Buddha hakumfukuza. Alimwambia: niletee mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akaenda mlango kwa mlango. Haradali ilikuwa kila nyumba. Nyumba isiyofiwa hakuipata. Jioni alimzika mwanawe, akarudi kwa Buddha, akawa mtawa.

Mwingine ni mjane wa Naini, Luka 7. Jeneza linatoka langoni mwa mji, ndani yake mwana pekee wa mjane. Yesu anamwonea huruma, anamwambia "Usilie," anagusa jeneza, kijana anaketi na kuanza kusema, na Yesu anampa mama yake.

Huruma ipo pande zote mbili, asikudanganye mtu. Tofauti ni kile ambacho huruma inakifanya. Buddha anamfungua Kisagotami macho aone kwamba kufa ni hali ya kila kinachozaliwa, na kwamba kilio chake kinalishwa na kung'ang'ania kisichoweza kushikika. Kifo hakikuondoka, kilichobadilika ni yeye. Yesu hamfundishi mjane kitu. Anakiendea kifo chenyewe kama adui na kukinyang'anya kilichochukua. Ukivielewa visa hivi viwili umeshapata nusu ya somo.

Sababu iko katika mzizi. Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe, aliyezaliwa Lumbini, Nepal ya leo, alitoa hotuba yake ya kwanza katika bustani ya wanyama aina ya swala pale Sarnath, karibu na Varanasi, India, na kiini chake ni kweli nne: maisha yamejaa dukkha, yaani mateso na hali ya kutotosheka, dukkha huzaliwa na kiu ya kutamani, kiu ikizimwa dukkha hukoma, na iko njia ya kuizima, yenye sehemu nane, kuanzia kuona sawasawa hadi kutuliza akili sawasawa. Chini ya kiu hiyo kuna ujinga: hatuoni mambo yalivyo. Dawa yake basi ni kujua, na kujua huko huja kwa mazoezi marefu. Kwa Mkristo, shida ya kwanza ni dhambi, yaani uhusiano uliovunjika kati ya kiumbe na Muumba wake. Uhusiano uliovunjika hauponi kwa maarifa, hata yawe mengi kiasi gani. Unataka msamaha, na msamaha lazima utoke kwa aliyekosewa. Ndiyo maana Ukristo hauna namna ya kusimama bila Mungu aliye nafsi, na Ubuddha wa awali unaweza.

Hilo linatupeleka kwenye "hauna Mungu". Mgeni wako kakupa nusu ya habari. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India inayotunza mafundisho ya Buddha, yamejaa miungu. Wana enzi, wana maisha marefu mno, lakini nao hufa na kuzaliwa upya kama sisi, na baadhi yao huonekana wakija kwa Buddha kumuuliza maswali. Kinachokosekana ni Muumba wa vyote anayeokoa na kuhukumu. Na mtawa mmoja alipomshurutisha Buddha aseme kama ulimwengu una mwanzo au hauna, alijibiwa kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, akakataa kung'olewa mpaka aambiwe aliyempiga ni wa kabila gani na upinde wake ni wa mti gani. Atakufa kabla hajajibiwa. Buddha hakufundisha kwamba Mungu hayupo kwa jinsi wakana Mungu wa siku hizi wanavyofundisha. Aliona swali hilo haling'oi mshale.

Kusema kwamba kwa hiyo si dini ni mazungumzo ya watu wa Magharibi waliouchukua Ubuddha wakaacha hekalu. Nenda Kandy, Sri Lanka, uone umati unaoleta maua katika hekalu linalotunza jino la Buddha. Kuna watawa, kuna masalia matakatifu, kuna Vesak, sikukuu ya kumkumbuka Buddha, na kuna kiapo cha kukimbilia vito vitatu: Buddha, Dhamma, yaani mafundisho yake, na Sangha, jumuiya ya watawa. Kama hiyo si dini, hata sisi tutafute jina jingine.

Kuna jambo ambalo wageni kambini hawaligusi, nalo ndilo gumu kuliko yote: nafsi. Ubuddha unafundisha kwamba ndani yako hakuna roho ya kudumu. Kuna mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, mambo yanayobadilika kila dakika, na kile unachokiita "mimi" ni jina la mkusanyiko huo. Karma, yaani matokeo ya matendo ya mtu, huendelea kutoka maisha hadi maisha kama mwali unaowashwa kutoka mshumaa hadi mshumaa, bila kitu kisichobadilika kinachohama. Mkristo anaamini kwamba wewe, mwenye jina hilo hilo, uliyeumbwa na kupendwa, ndiwe utakayefufuliwa.

Fransisko Xaveri, mmisionari Mkatoliki, alikutana na tatizo hili uso kwa uso. (Huyu ndiye aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa, kwa hiyo pwani yetu anaijua.) Alipofika Kagoshima, Japani, mwaka 1549, alifanya urafiki na Ninshitsu, mkuu mzee wa hekalu la Zen, mojawapo ya madhehebu ya Kibuddha, na aliandika katika barua kwamba kila walipojadili kama roho haifi au hufa pamoja na mwili, mzee yule mara alikubali, mara alikataa. Xaveri aliona kwamba mwenzake anasitasita. Mimi nadhani mzee aliulizwa swali ambalo katika imani yake halina pa kukaa: ukijibu "haifi" umekosea, na ukijibu "hufa" umekosea pia, kwa sababu yote mawili yanachukulia kwamba kuna kitu hicho.

Sasa nikuchanganye kidogo, maana kama Mlutheri una haki ya kulijua hili. Niliyoeleza hadi hapa yanafuata zaidi tawi la Ubuddha liitwalo Theravada, lililo Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia. Kaskazini na mashariki limeenea tawi jingine, Mahayana, na huko Japani, katika karne ya 13, alikuwapo mtawa Shinran. Yeye aliacha useja wa utawa akaoa, akafundisha kwamba binadamu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake. Kilichobaki ni kuitegemea nadhiri ya Amida, Buddha mwingine aliyeapa kuwaokoa wanaomtumainia, na kuliitia jina lake kwa imani. Alifika hata kusema kwamba kama mtu mwema anaingia Nchi Safi, makao ya Amida, mwovu anayejijua si zaidi? Shinran alifariki mwaka 1263, karne mbili na ushei kabla ya Luther kuzaliwa. Wajesuti, watawa wamisionari wa Kikatoliki, waliofika Japani karne ya 16 waliuona mfanano huu, na hawakuufurahia. Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, aliukubali waziwazi, akasema kinachobaki kutofautisha ni jina la Yesu Kristo. Jibu lake ni fupi, lakini lina uzito wa kihistoria. Kwa waumini wake, Amida aliweka nadhiri yake zama zisizohesabika, nje ya kalenda yetu. Msalaba ulisimamishwa Yerusalemu, chini ya Pontio Pilato, gavana anayejulikana. Paulo anawaambia Wakorintho wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Mbuddha hana sentensi kama hiyo kuhusu Gautama: ikithibitika kesho kwamba hakuwahi kuishi, kweli nne zitabaki kama zilivyo.

Mfano wa mwisho ni wa kuangalia kwa karibu, kwa sababu wengi huutumia kuthibitisha kwamba dini ni moja. Sutra ya Lotusi, andiko kubwa la Mahayana, nayo ina mwana mpotevu. Kijana anaondoka kwa baba, anazurura miaka 50, anafukarika, na anapofika kwenye jumba la baba yake hamtambui. Anaogopa utajiri ule na kukimbia. Baba anamtambua, lakini anajizuia. Anamwajiri kuzoa mavi, yeye mwenyewe anavaa nguo chafu ili apate kumsogelea, na baada ya miaka 20 ya kumpandisha pole pole anamkabidhi mali, kisha anapokaribia kufa anatangaza: huyu ni mwanangu. Baba wa Luka 15 hana subira hiyo. Anamwona angali mbali, "akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana," na kijana hajamaliza hata hotuba yake ya kuomba kazi. Baba wa Lotusi ni mwalimu mwenye busara anayempima mwanafunzi uwezo wake wa kupokea. Baba wa Luka ni aliyekosewa anayesamehe. Ukiwaita ni mtu mmoja unawanyima wote wawili walichokuja kusema.

Kuhusu meditesheni: kuketi kimya ukifuatilia pumzi si dhambi, na hakuhitaji kuungama imani yoyote. Roma iliandika waraka juu ya hili Oktoba 1989, na ingawa wewe si Mkatoliki, msimamo wake unafaa: mbinu zinaweza kusaidia kutulia, ila zisichukue nafasi ya kuongea na Mungu. Angalia tu mwalimu anakupeleka wapi. Katika vipassana kamili, yaani meditesheni ya Kibuddha ya kupata utambuzi, pumzi ni mlango; lengo ni uone kwa macho ya ndani kwamba hakuna "mimi". Hapo mazoezi yamekuwa mafundisho, na unapaswa kujua unachokubali. Nawe ukianza sala yako kwa dakika kumi za kimya kisha ukasema Baba Yetu, sioni mchungaji wa kukulaumu.

Na usimtegemee mgeni mmoja wa kambini. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, enzi za Waingereza, na Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda. Peleka maswali yako huko pia, na uanze na lile la nafsi.