Jeni za usugu: koloni moja yatosha

Wenzetu wa maabara za Lamu na Malindi, kipimo cha jeni za usugu wa dawa huharibikia mkononi kabla ya kufika kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Mtu huchota koloni tele, yaani vishungi vya bakteria vilivyoota kwenye sahani, akidhani DNA nyingi ndiyo salama. Mabaki ya seli hukizuia kimeng'enya kufanya kazi, jeli ya kuonyeshea DNA hutoka tupu, na fomu ya mgonjwa huandikwa "haikuonekana" ilhali jeni ipo.

Chukua koloni moja changa, ya saa 18 hadi 24, kiasi cha kichwa cha pini. Ikoroge katika mikrolita 100 za maji safi ya maabara, chemsha kwa nyuzi 95 dakika 10, poza kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifyuji dakika 5. Masalia hutulia chini kama tope jeupe. Maji ya juu yawe maangavu. Chota hayo ya juu, mikrolita 2 kwa mchanganyiko wa PCR wa mikrolita 25. Ncha ya pipeti ikigusa tope, zungusha tena.

E. coli hufunguka hivyo bila taabu. Staphylococcus aureus ana ukuta mnene: ukitafuta mecA, jeni ya usugu wa methisilini, mlainishe kwanza kwa lisostafini, kimeng'enya kinachovunja ukuta huo.

Jeni ya blaCTX-M, inayomwezesha bakteria kuivunja dawa ya seftriaksoni, mara nyingi hubebwa na plasmidi, kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu. Ukimwotesha mara nyingi kwenye sahani isiyo na dawa, aweza kuipoteza. Pima mapema.

Kila awamu iwe na mirija mitatu ya kuthibitisha: bakteria mwenye jeni, asiyenayo, na maji matupu. Maji yakitoa mstari kwenye jeli, matokeo yote ya awamu hiyo hayafai. Badilisha maji na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoilenga jeni), safisha meza, rudia. Tafuta pia 16S, jeni iliyomo katika kila bakteria, kwenye kila sampuli. Isipoonekana, kipimo kimeshindwa, na hilo ndilo la kuandika.

Praima zigawanywe kwenye mirija midogo. Friza ikizimika umeme unapokatika, hasa joto la kaskazi, kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huziharibu.

Tafadhali endeleeni pia kupima kwa vidonge vya dawa kwenye sahani ya kuoteshea. PCR hujibu ulichouliza tu; bakteria asiye na blaCTX-M aweza kuishinda seftriaksoni kwa jeni nyingine. Kwenye fomu ya daktari andika "blaCTX-M haikuonekana". Kamwe usiandike "hakuna usugu".