Namba moja ya nani? Kwa mnaokuja kupima darasa la Kiingereza la watu wazima

Ijumaa iliyopita kijana wetu wa atachimenti, yule mwanachuo aliyekuja kujifunza kazi, aliniwekea ripoti mezani, imefungwa vizuri kwa jalada la plastiki, akasimama kando akisubiri sifa. Ukurasa wa kwanza: "Watu 412 wamefaidika na darasa la Kiingereza." Nikamwuliza, "Hao 412 walikaa wapi?" Chumba chetu hapa maktaba kina viti 25, na vitano kati yake miguu imefungwa kwa waya. Akanijibu kwa adabu, "Madam, hiyo ni jumla ya rejista."

Nilishusha pumzi. Si yeye wa kwanza, wa mwaka jana alileta hesabu kubwa zaidi. Na mimi mwenyewe, hapa hapa Kisumu, nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilifanya jambo baya kuliko hayo yote, nitalisema huko chini. Basi nimeamua kuandika mara moja, niwe nawapa karatasi badala ya kupiga kelele.

1. Rejista inahesabu viatu vilivyovuka mlango. Vipindi 24, watu 17 hivi kila kipindi, ndiyo hiyo 412. Ukikaa na majina ukayapanga, unabaki na watu 38. Na kuyapanga si mchezo: mama mmoja Jumanne ameandika jina la kitambulisho, Alhamisi jina la ubatizo, wiki inayofuata "Mama Junior". Mtu wa boda amemwandikia mwenzake wa steji ambaye hata hajafika, kwa sababu alisikia kuna chai na mandazi. Angalia rejista yoyote utaona siku za mandazi bila kuambiwa. Dawa yake ni kumpa kila mtu namba yake siku ya kwanza, aitumie hadi mwisho. Namba ya kitambulisho cha taifa usiguse: huna kazi nayo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ukiulizwa unaiweka ya nini hutakuwa na jibu.

Najua kwa nini mnapenda zile 412. Katiba ya 2010 iliweka maktaba chini ya kaunti, na MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, akisikia 38 anauliza kama hiyo ni familia yake. Mpe zote mbili, mahudhurio 412 ya watu 38, kisha mweleze hao 38 sasa wanafanya nini. Huko ndiko kwenye kazi.

2. Beslaini, yaani kipimo cha mwanzo, ni kabla ya somo la kwanza. Siyo wiki ya tatu "wakishazoea".

3. Namba wanayojipa wenyewe usiiamini kabla hujawauliza wameielewaje. Hapa mtanivumilia.

Wenzetu wa maktaba za umma Marekani walitoa mwaka 2015 hojaji fupi za bure, zinaitwa Project Outcome. Zinauliza mambo manne: umejifunza kitu, unajiamini zaidi, utakitumia, na je, sasa unazijua huduma za maktaba. Ni kazi nzuri, na imetengenezwa ijazwe baada ya programu. Mimi kwa ujuaji wangu nikayachukua mawazo yake, nikaunda maswali matano, nikayauliza mwanzoni na mwishoni. Swali la tatu lilikuwa: "Ninaweza kumweleza daktari shida yangu kwa Kiingereza." Unazungushia 1 hadi 5. Moja siwezi kabisa, tano naweza bila taabu. Siku ya kwanza nilieleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Dholuo yangu ya kuokoteza sokoni, watu wakacheka, wakajaza. Wastani 3.4.

Wiki 12 baadaye wale 26 waliomaliza wakajaza tena. 2.1.

Nilijumlisha mara tatu. Nikatoka nje nikanunua karanga, nikarudi, nikajumlisha tena. 2.1. Watu nilioanza nao hawajui kutofautisha jana na kesho, sasa wanaandika ujumbe mzima kwa mwalimu wa mtoto, halafu karatasi inasema nimewarudisha nyuma!

Ripoti ilitakiwa Jumatatu. Hii ilikuwa Jumamosi usiku, stima imepotea tangu magharibi ikarudi saa nne, na hapo ndipo wazo likaniingia: hawa wamegeuza. Mtoto akiwa namba moja darasani, si ndiye bora? Mzazi akiona 1 kwenye ripoti anatafuta kuku wa kuchinja. Akiona 5 anauliza huyo wa kwanza ni wa nani. Mara ya kwanza nilieleza wakanielewa, mara ya pili nilikuwa na haraka sikueleza, wakarudia mazoea. Hoja ilinikaa vizuri sana. Na ubaya wake ni kwamba ingeweza kuwa kweli, kwa sababu hilo la namba moja ni tatizo halisi na mtakutana nalo. Lakini sikumwuliza mtu hata mmoja. Nilikuwa na simu za wote 26. Badala yake nikaandika kwenye Excel, sita toa ile namba, nikaburuta mpaka mstari wa mwisho, na 2.1 ikawa 3.9. Naapa sikujiona ninadanganya. Nilijiona ninasahihisha.

Miezi miwili baadaye wakaja wageni wa mfadhili. Mmoja wao alikuwa ameisoma ripoti mpaka kiambatisho, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kunifanyia. Akataka kumsalimu mshiriki namba 14, yule mwenye tano katika maswali yote matano. Namba 14 alikuwa mama anayeuza omena, hawa dagaa wetu, soko la Kibuye, mtu mzima kuliko mama yangu. Alikuja na kitenge cha kanisani. Mgeni akamsalimu kwa Kiingereza, akaitikia sawasawa. Kisha mgeni, kwa roho safi kabisa, akamwambia: hebu tuseme umempeleka mjukuu hospitali, mimi ndiye daktari, niambie.

Yule mama alianza maneno mawili, akasimama. Akaanza kukunja upindo wa leso, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ukawa mnene kama kidole. Nikaingilia kumsaidia, nikaharibu zaidi. Mgeni akafungua ripoti amtie moyo, akamwonyesha mstari wake: 5, 5, 5, 5, 5. Sasa mtu aliyepima omena kwa gorogoro miaka yote hiyo hawezi kukosa kuzijua namba. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili, kila mtu akisikia: "Mwalimu, mimi nilizungushia moja. Hii tano ni ya nani?"

Sikuwa na jibu, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili.

Nilimwambia bosi siku hiyo hiyo kabla hajaambiwa na wengine, nikaandika barua ya kusahihisha ripoti. Fedha za mwaka uliofuata hazikuja. Sitasema ni kwa sababu hiyo, lakini hazikuja. Jumapili nikaenda Kibuye kuomba msamaha. Nilimkuta anapima. Akanijazia gorogoro hadi omena ikamwagika, akasema, "Hesabu vizuri, nyathina," yaani mwanangu. Nikamwuliza lile swali nililopaswa kumwuliza kabla ya ile Jumamosi: mbona mwanzoni ulijipa tatu, mwishoni ukajipa moja? Akanishangaa. Siku ya kwanza, akasema, alijua kusema homa na alijua kusema maumivu, akaona anatosha. Kisha tukawafundisha kwamba daktari atauliza tangu lini, linauma namna gani, umekunywa dawa gani, una mzio wa nini. "Ndipo nikaona sijui kitu."

Hakuwa amegeuza namba. Alikuwa amejifunza, na kipimo chenyewe kikarefuka mikononi mwake. Watu wa tathmini wanalijua hili miaka mingi: mtu asiyejua hajui ni kiasi gani hajui, kwa hiyo anajipa nyingi mwanzoni. Ule mteremko kutoka 3.4 ulikuwa ndio habari njema yangu pekee mwaka ule, na mimi nikaufuta kwa mkono wangu.

Siku hizi tunafanya hivi. Mwishoni tunauliza mara mbili kwenye karatasi moja: sasa hivi unaweza kiasi gani, na ukikumbuka siku ya kwanza, kwa kweli uliweza kiasi gani? Namba hatuweki, tunaandika bado, kidogo, vizuri. Haitoshi peke yake, kwa sababu watu wetu wana heshima, watajishusha kule nyuma ili mwalimu afurahi. Ndiyo maana ipo namba 4.

Yule mama alirudi darasani baada ya wiki tatu. Hojaji hajazi tena. Ukimpa anakurudishia: "Jaza wewe, si umezoea."

4. Mwone akifanya. Ile mizani ya Ulaya ya kupimia lugha, kutoka A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, iliyotolewa mwaka 2001, kitu chake kizuri ni kwamba imeandikwa kwa "naweza": naweza kujaza fomu, naweza kueleza njia. Herufi zenyewe waachieni wenye vyuo, hakuna mtu mtaani Nyalenda anayeamka asubuhi akitamani A2. Chukueni ile "naweza" muigeuze kazi ya mezani. Sisi tuna tatu: pakiti ya dawa, barua ya shule kwa wazazi, na ujumbe wa M-Pesa uliokwenda kwa mtu asiye wake. Anasoma, anaeleza kwa lugha yoyote kinachotakiwa, kisha anajibu kwa Kiingereza. Tunaandika: peke yake, kwa msaada, bado. Mwanzoni na mwishoni, kazi za aina ile ile lakini karatasi tofauti. Na anayeweka alama asiwe mwalimu wa darasa, maana mwalimu hutikisa kichwa bila kujua na mwanafunzi anafuata kichwa.

5. Andika "darasa limechangia", usiandike "limesababisha". Mtu ana watoto shuleni, ana kanisa, ana redio.

6. Na tafadhali, ripoti isianze na Maruge. Tunamheshimu mzee, kuingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84 si jambo dogo. Lakini nimesoma ripoti nyingi zinazofungua na picha yake, na hakuna hata moja iliyoniambia mwanafunzi wa mwandishi mwenyewe amefanya nini.

7. Waliopotea. Katika wale 38 wa kijana wangu, waliomaliza ni 21. Hao 17 amewafuta kwenye jedwali "ili lisichanganye". Ukipima waliobaki tu, umepima watu wenye nafasi ya kubaki, na hao wangeendelea hata ungewafundisha kuimba. Wengine mvua za masika zimewaita shambani. Wengine ni matanga, na huku kwetu matanga yanakula wiki nzima. Wengine darasa halikuwafaa, na hao ndio wenye kukwambia ukweli, ila hawatakuja kukwambia mlangoni.

Wapo pia wa aina ya yule bawabu. Alikuwa kijana mtulivu, anakaa karibu na dirisha, wiki ya saba akatoweka. Nilimwandika "ameacha". Miezi kadhaa baadaye nikaingia benki moja mjini, namkuta getini na sare. Kazi ya kulinda huku inaandikwa: nani ameingia, saa ngapi, gari namba gani, tukio gani, na bosi anataka Kiingereza. Alikuwa amejaribu kazi kama hizo mara mbili akashindwa kwenye kile kitabu. Akakifungua anionyeshe kurasa zake, mwandiko umenyooka, akafunika haraka msimamizi alipopita. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili jioni. Darasa letu pia saa kumi na mbili.

Mimi nilikuwa nimemweka safu ya hasara.

Basi kijana wangu nimempa simu ya ofisi na kadi ya muda wa maongezi, awapigie wote 17, aulize mambo mawili tu: kwa nini uliacha, na je, kuna kitu cha darasani umewahi kukitumia. Yuko hapo nje chini ya mwarobaini tangu asubuhi. Wanne hawapatikani kwa sasa. Mmoja yuko Busia, anasema Kiingereza kinamsaidia mpakani, na tena amekisema kwa Kiingereza. Mwingine hakusikia maswali vizuri, alitaka kwanza kujua kama Jumanne bado kuna mandazi.