Alama za juu, cheo hakiji: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mchambuzi wa takwimu katika kampuni ya bima, mwaka wa sita sasa. Alama zangu za tathmini hazijawahi kushuka chini ya 4 kati ya 5. Nafasi ya kiongozi wa timu imetangazwa mara mbili, na mara zote mbili wamepewa wanaume ambao mimi ndiye niliyewaelekeza kazi walipoingia. Nikiuliza sababu naambiwa "bado kidogo" au "jenga uwepo wako", na safari hii meneja ameandika kwamba nina ukali ninapokosoa kazi za wenzangu. Nashindwa kujua kama kasoro ni yangu au ni jinsia yangu. Tathmini inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, swali la kama tatizo ni wewe au ni jinsia yako tuliache pembeni kwa sasa. Kwa kisa cha mtu mmoja halijibiki kwa uhakika, na ukilishikilia litakula miezi yako mitatu yote. Lipo swali jingine linalojibika: siku walipokaa kukujadili, wewe ukiwa haupo, walikuwa na nini mezani?

Nimekaa sana kwenye vikao vya aina hiyo upande wa rasilimali watu, na huenda haraka kuliko wafanyakazi wanavyodhani. Jina linatajwa, meneja anaeleza kwa dakika chache, mmoja anauliza "mnamwonaje?", wanahamia jina linalofuata. Penye ushahidi ulioandikwa, watu hubishania ushahidi. Pasipo na ushahidi, kila mmoja hutumia picha ya kiongozi aliyoizoea, na mahali pengi picha hiyo ina ndevu. Hapo hahitajiki mtu mwenye chuki na wanawake. Wanatosha watu wenye haraka.

Hali ya alama za juu na "bado kidogo" imeshachunguzwa. Wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichambua kumbukumbu za wafanyakazi takriban 30,000 wa kampuni moja kubwa ya maduka ya Amerika Kaskazini, ambako kila mtu hupewa alama mbili: ya kazi aliyoifanya na ya uwezo wake wa kukua. Kwa wastani wanawake walipata alama za juu zaidi kwenye kazi, za chini zaidi kwenye uwezo wa kukua, na pengo hilo la pili lilieleza sehemu kubwa ya tofauti ya kupanda vyeo. Watafiti walipofuatilia kilichotokea baadaye, wakakuta wanawake wanafanya kazi vizuri kuliko wanaume waliopewa alama ileile ya uwezo. Utabiri ulikuwa unakosea, na bado ukarudiwa vilevile. Kazi iliyofanyika inahesabika. Uwezo wa kukua hukisiwa, na upendeleo hupenya pale panapokisiwa. Kwa hiyo kuongeza bidii pekee hakutakusogeza. Alama ya kazi unayo tayari. Kinachokosekana ni ushahidi wa upande wa pili.

Mwandikie meneja wako barua pepe fupi, isiyo na lawama. Kwa mfano:

"Naomba tukutane nusu saa kabla ya tathmini. Ningependa tuandike pamoja mambo matatu au manne ambayo kiongozi wa timu anatakiwa awe ameshayafanya, na kwa kila moja tuone mimi nimefika wapi na kimebaki nini. Nitakuja na rasimu yangu."

Hapo kwenye "awe ameshayafanya" usilegeze. Usikubali kigezo kisichoonekana kwa macho. Akirudia kwamba ujenge uwepo wako, muulize: nikishaujenga, utaniona nafanya nini ambacho leo sifanyi? Atafikiri kidogo, kisha mara nyingi hutoka kitu cha kushika: hujawahi kuwasilisha mbele ya wakurugenzi, hujawahi kusimamia bajeti. Sasa umepata kazi ya kufanya. Omba uwasilishaji unaofuata uwe wako, na jioni hiyohiyo mtumie muhtasari unaoanza na "Nilivyoelewa, tumekubaliana kwamba…". Muhtasari huo ndio utakaokuwakilisha kikaoni.

Tuje kwenye ukali. Mwaka 1982 Ann Hopkins alipendekezwa kuwa mbia wa kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse, Marekani. Wagombea walikuwa 88, mwanamke yeye peke yake, na alikuwa amechangia pakubwa kuipatia kampuni mkataba wa serikali wa mamilioni ya dola. Kwenye maoni ya wabia, mmoja aliandika kwamba ana udume, mwingine akataka apelekwe kufundishwa mambo ya kike. Alipouliza afanye nini, akashauriwa atembee, aongee na avae kike zaidi, apake vipodozi na avae vito. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba kumpima mfanyakazi kwa imani kuwa mwanamke hapaswi kuwa mkali ni kumpima kwa jinsia yake. Mtego wenyewe ungalipo: nafasi inataka mtu anayesema bila kupepesa macho, ila mwanamke akisema hivyo ni mkali, na akipoa hana uwepo. Wewe umeambiwa yote mawili kwa pamoja.

Usijibu kwa kutetea tabia yako. Ukianza na "mimi si mkali", mjadala umeshahamia kwenye nafsi yako, na huko hakuna anayeshinda. Omba tukio: ni ripoti ipi, nilisema nini, kazi iliathirika vipi? Tukio likikosekana, omba sentensi iondolewe. Likiwepo, omba liandikwe kama kitendo. Linganisha hizi mbili:

"Ana ukali anapokosoa kazi za wenzake."

"Aligundua kosa la hesabu kwenye ripoti ya madai kabla haijamfikia mteja. Alilieleza mbele ya timu nzima kabla ya kumweleza mhusika."

Ya pili ina sifa na ina kasoro, na kasoro yenyewe unaweza kuirekebisha kuanzia kesho. Ndiyo maana nasema pia: akikuletea tukio la kweli, lipokee. Upendeleo kuwepo hakuna maana kwamba kila unachoambiwa ni uongo, na meneja akiona unachukua ukosoaji wenye ushahidi, itamwia vigumu kukupa usio na ushahidi.

Kuna mahali umepita haraka kwenye swali lako, na mimi ndipo niliposimama: wanaume hao uliwaelekeza wewe. Kwenye faili yako hilo limeandikwa wapi? Nahofia limeandikwa "ana ushirikiano mzuri". Kumwandaa mtu hadi akawa kiongozi wa timu ni kazi ya uongozi, tena matokeo yake yapo ofisini humo humo na vyeo vyao. Liandike hivi: "Niliwapokea wachambuzi wawili, nikawapangia kazi na kukagua ripoti zao hadi walipojitegemea, wote wawili leo wanaongoza timu." Litaje mbele ya meneja wako bila tabasamu la kuomba radhi.

Halafu orodhesha zile kazi zisizo na mwenyewe: kuandika kumbukumbu za vikao, kupanga hafla ya kumuaga mtu, kukusanya michango, kumtembeza mgeni. Mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake walichapisha majaribio kuhusu kazi za namna hii, ambazo kila mtu anataka zifanyike ila si na yeye. Kwenye makundi ya wanawake na wanaume pamoja, wanawake ndio waliojitolea zaidi. Kundi likiwa la jinsia moja, tofauti ilitoweka. Na mtu alipopewa nafasi ya kuchagua wa kumwomba, aliwaomba wanawake zaidi, awe yeye mwenyewe mwanamume au mwanamke. Kukataa moja kwa moja kuna gharama, hasa kwa aliyekwisha kuitwa mkali, kwa hiyo pendekeza zamu: "Robo hii nimeandika kumbukumbu mimi, robo ijayo zipokewe na nani?" Uliza, kisha nyamaza. Kimya kitakachofuata kitakuwasha ukijaze. Mwachie mwingine.

Jambo jingine ni nani atakusemea. Mshauri wa kukutia moyo faraghani ni mtu mzuri, lakini hapigi kura. Tafuta mmoja mwenye kiti kikaoni na aliyeiona kazi yako mwenyewe. Kwa kawaida hupatikana kwa kufanya mradi unaovuka idara, au uchambuzi ambao yeye anauhitaji. Kisha mwambie waziwazi kwamba unaitaka nafasi ya kiongozi wa timu. Utashangaa ni mara ngapi nimesikia "sidhani kama anaitaka" likisemwa juu ya mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza, hasa ikijulikana ana watoto wadogo.

Ukipewa cheo, zungumzia mshahara kabla hujatia saini. Utafiti wa Hannah Riley Bowles na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwanamke anayeanzisha mazungumzo ya mshahara huonwa vibaya zaidi kuliko mwanamume anayefanya vivyo hivyo. Si haki, ila egemea kwenye cheo chenyewe kuliko kwenye mahitaji yako: "Skeli ya nafasi hii inaanzia wapi na kuishia wapi, na mimi mmeniweka wapi kwa kigezo gani?" Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na nchi nyingi zimeuridhia.

Malalamiko rasmi nisingeanza nayo, ila yaandalie msingi sasa. Tunza nakala za tathmini zako, matangazo ya zile nafasi mbili pamoja na vigezo vyake, na barua mlizoandikiana. Usichukue takwimu za wateja wala mafaili ya wenzako. Hilo peke yake linaweza kukutoa kazini kabla hujasikilizwa. Muulize mapema mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa kazi muda wa kuwasilisha dai la ubaguzi kwenye nchi yako ni upi. Sehemu nyingi ni mfupi, na watu huupoteza wakisubiri kuona tathmini ijayo itakuwaje.

Kuhusu miezi yako mitatu: mameneja wengi huandika rasimu ya tathmini wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na ikishaingia kwenye mfumo hubadilishwa kwa shida. Barua pepe itoke wiki hii, nusu saa yenu iwe ndani ya mwezi wa kwanza, uwasilishaji mwezi wa pili, na ukurasa mmoja wa ushahidi wako umfikie kabla hajafungua fomu. Ukitimiza vigezo mlivyoandika pamoja, kisha vikabadilishwa bila maelezo, ukurasa huohuo uanze kuutuma kwa waajiri wengine.