Aktini ndani ya neva: kwa mnaoanza mwaka wa kwanza Bugando

Wadogo zangu mnaopanda kilima cha Bugando, Mwanza, kuanza masomo ya tiba, kiunzi cha seli mtakikuta mapema, na wengi hukipita mbio wakiwahi anatomia. Tulieni hapo kidogo.

Kukariri kwamba aktini, mojawapo ya protini zinazounda nyuzi za kiunzi hicho, huipa seli umbo hakutoshi. Jiulizeni nyuzi zake ziko sehemu gani ya neva, zimeshikwa na nini, zinadumu muda gani. Jibu la aksoni, mkia mrefu wa neva unaopeleka ujumbe, si jibu la dendraiti, matawi yanayoupokea.

Aksoni inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni hukaribia mita moja, ni nyembamba kuliko unywele, na huvutwa kila ukunjapo goti. Mbona haikatiki? Shukeni ziwani mkamtazame fundi anayeunda mtumbwi, kabla hajaumaliza: mataruma yamepangwa kwa nafasi sawa, mbao zimeyaegemea. Chini ya utando wa aksoni pete za aktini zimepangwa vivyo hivyo, zikiachana kwa nanomita 180 hadi 190, na katikati zimeunganishwa na spektrini, protini inayonyumbuka. Mnyoo mdogo C. elegans akikosa spektrini, aksoni zake hukatika akijinyonganyonga; akipoozwa, hazikatiki. Jaribio hilo nalipenda sana, maana linaonyesha wazi kwamba mwendo wenyewe ndio unaozivunja.

Pete hizo zilitangazwa mwaka 2013 na kundi la Xiaowei Zhuang wa Harvard. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo msizitafute kwenye slaidi zenu za darasani.

Sasa hamieni kwenye ncha ya aksoni inayokua na kwenye vichomozo vya dendraiti, vile vinavyopokea sinapsi, yaani viungo vya kupashana ujumbe kati ya neva na neva. Hapa aktini haitulii. Molekuli za aktini zenye ATP, kibeba nishati cha seli, hujiunga zaidi upande mmoja wa uzi, ATP huvunjwa, kisha molekuli hubanduka upande wa pili na kutumika tena. Ndani ya kichomozo, sehemu kubwa ya nyuzi hufumwa upya kwa dakika moja hivi, nacho huweza kunenepa sinapsi inapoimarika. Arp2/3, kundi la protini, ndiyo inayochipusha matawi ya nyuzi hizo, kwa pembe ya digrii 70 hivi. Chora mchoro huu kwa mkono wako mpaka uweze kuuchora bila kitabu, na uweke alama ya upande unaokua. Wengi hupoteza maksi hapo. Mikrotubuli, mirija myembamba ya kiunzi hichohicho, zichoreni pembeni kwa rangi nyingine, kwani hizo ndizo reli za mizigo ya masafa marefu.

Mkifika kwenye picha zilizotiwa faloidini, sumu ya uyoga iliyoungwa na rangi inayong'aa, kumbukeni kwamba hushika nyuzi tu, haishiki molekuli mojamoja. Penye giza aktini inaweza kuwepo tele, ikisubiri kuungwa.