Kadio inakula misuli? Jibu kwa mnyanyuaji wa kilo 97

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 29, nafanya pawalifti, mashindano ya kunyanyua chuma kizito, mwaka wa pili sasa. Uzito wangu ni kilo 97. Skwati yangu ya juu (kuchuchumaa na chuma mabegani) ni kilo 180, benchi (kusukuma chuma nikiwa nimelala chali) 120, dedi (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) 215. Shida yangu ni pumzi. Nikifika seti ya tatu ya skwati natweta mpaka naona nyota, na miguu bado inataka. Nilitaka kuongeza kadio, yaani mazoezi ya moyo na pumzi kama kukimbia au baiskeli, ila mwalimu wa jimu kanikataza, anasema kukimbia kunakula misuli. Mashindano ni baada ya wiki 10 na nataka kushuka daraja la kilo 93. Kwa hilo kaniambia wiki ya mwisho nifanye mazoezi ndani ya nguo ya nailoni nitoe jasho. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Miguu inataka, pumzi haitaki: nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe. Chuma kizito cha marudio matatu manne hutumia akiba iliyomo ndani ya msuli, akiba ya sekunde kumi hivi. Ikishaisha, kinachoijaza tena ukiwa umekaa kupumzika ni oksijeni, yaani kazi ya moyo na mapafu. Mwenye moyo uliozoea kazi akipumzika dakika 4 hurudi kwenye chuma akiwa amejaa. Wewe unarudi nusu, halafu unadhani umekosa nguvu.

Sasa hili la kukimbia kunakula misuli. Haipiti wiki bila kuletwa, na kila anayelileta kalisikia kwa mtu mwenye mikono minene, kana kwamba unene wa mkono ni cheti. Hofu hii ina chanzo chake. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani Robert Hickson alichapisha jaribio ambalo kundi moja lilipiga chuma kizito cha miguu siku 5 kwa wiki, na kundi hilohilo likakimbia na kuendesha baiskeli kwa nguvu, hadi dakika 40, siku 6 kwa wiki. Pamoja na mzigo wote huo, nguvu zao zilipanda bega kwa bega na za waliopiga chuma peke yake kwa wiki 7 hivi. Ndipo zikasimama, na kufikia wiki ya 9 na ya 10 zikaanza kushuka. Hesabu mwenyewe: vipindi 11 vigumu kwa wiki, vyote juu ya miguu ileile. Ajabu ni kwamba walifika hata hiyo wiki ya 7. Wewe unauliza habari ya vipindi viwili vitatu vya taratibu, unajibiwa kwa hofu ya vipindi 11.

Wengine watakuonyesha mwili wa Eliud Kipchoge. Kipchoge akijiandaa kwa marathoni alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki. Dakika 30 za baiskeli Jumatano hazikupeleki huko hata ukitaka.

Kinachoharibu kweli kinajulikana. Kwanza ni aina ya kadio. Kukimbia kwenye lami na kilo 97 ni kutua kwa mguu mmoja maelfu ya mara, na msuli hujeruhika zaidi pale unapopokea mzigo kuliko pale unaposukuma. Ndiyo maana ukikimbia Jumapili, skwati ya Jumatatu inakuwa ya kuni. Baiskeli haina kutua, na kupanda mlima kwa miguu kuna kutua kidogo sana; la kuangalia ni mteremko wakati wa kurudi, ushuke polepole. Pili ni mpangilio: ukianza na kadio ngumu kisha ukaingia chini ya chuma, umejiibia. Tatu ni chakula. Anayeongeza kadio huku akipunguza ugali, nyama na usingizi kwa pamoja atapungua misuli, kisha atasingizia baiskeli.

Kama unapiga skwati Jumatatu, benchi Jumatano na dedi Ijumaa, weka baiskeli dakika 20 baada ya benchi, na Jumamosi tembea mlimani dakika 20. Kila wiki ongeza dakika 5 kwa kila kipindi mpaka ufike 40, usizidi hapo. Kwa umri wako mapigo ya moyo yakae kati ya 115 na 135 kwa dakika. Huna saa ya kupimia? Weka vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 29 na 33 uko sawa. Au piga simu: uweze kumaliza sentensi bila kukatika, ila ukiweza kuimba, umelegea.

Kuanzia wiki ya 4 ongeza kipindi kimoja kigumu, jioni ya siku ya skwati, zikiwa zimepita angalau saa 6. Usikiweke siku ya mapumziko, maana mapumziko nayo ni zoezi. Tafuta tairi kuukuu la Fuso, lifunge kamba ya mita 4, kamba ifungwe kwenye mkanda, ulivute kwenye nyasi au mchanga mita 30 ukiwa umeinama mbele kidogo. Pumzika sekunde 90, rudia mara 8. Tairi likienda kama mkokoteni mtupu, weka sahani ya chuma ya kilo 20 ndani. Kuvuta hakuna kupokea mzigo, kwa hiyo kesho yake miguu haiumi kama ya mtu aliyepiga mbio. Wiki mbili kabla ya mashindano acha tairi. Wiki ya mwisho bakiza matembezi ya dakika 20 tu.

Kilo 4 kwa wiki 10 ni gramu 400 kwa wiki. Soda moja ya nusu lita na chapati moja ya mafuta zikiondoka kila siku, kazi imekwisha. Protini usiiguse: gramu 155 hadi 195 kwa siku kwa uzito wako. Na kabla ya yote kapime presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari kwanza, maana ukibana pumzi chini ya chuma presha hupanda mara dufu.

Nailoni je? Jasho ni maji, mafuta hayatoki kwa jasho. Kwa kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti, upimaji wa uzito huanza saa 2 tu kabla ya mashindano. Lita 3 ulizozikamua hazirudi mwilini kwa muda huo, na utaingia kwenye skwati damu ikiwa nzito na misuli inakaza. Tena jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi, na ndani ya nailoni halikauki. Kati ya Novemba na Desemba 1997 wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walikufa kwa njia hii hii, wakifanya mazoezi ndani ya nguo zisizopitisha hewa ili wafikie uzito. Walikuwa vijana wenye afya, na baridi ilikuwa imeshaanza kwao. Fikiria jimu ya bati, saa 9 mchana, Dar es Salaam.

Wanaouza nailoni ndio haohao watakaokuuzia vidonge vya kukojoa. Kimojawapo, furosemidi, ni dawa ya wagonjwa wa moyo na figo. Huondoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Imo pia kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Chai ya kukata tumbo yenye majani ya sena ni dawa ya kuharisha. Inachopunguza ni choo.

Ukimkuta mwenzako ndani ya nailoni anaongea maneno yasiyoeleweka au anayumba, usisubiri amalize. Chana hiyo nailoni, mwagie maji baridi mwili mzima, mpepee bila kuacha, na mtu mwingine atafute gari la hospitali wakati huohuo. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu.