Batini si batili (ila mhariri wako kakanyaga kitu bila kujua)

Swali: Mwalimu shikamoo. Niliandika makala fupi kuhusu wanafalsafa wa kale wa Ugiriki, Pythagoras na Plato, pamoja na vile vitabu ambavyo havikuingia kwenye Biblia. Sehemu moja nikaandika "mafundisho batini". Mhariri akafuta n akaweka l, ikatoka "mafundisho batili". Nilipomuuliza akasema neno batini halipo, na hata lingekuwepo, vitabu vilivyofichwa ni batili tu, ndo maana vinaitwa apokrifa. Nani yuko sahihi? Na je nitumie siri, fumbo au lipi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba, na pole. Herufi moja tu hiyo lakini imekutoa kwenye kueleza mafundisho ya watu imekuweka kwenye kuyahukumu.

Neno batini lipo, tena la siku nyingi, ni pacha wa dhahiri. Dhahiri ni kinachoonekana, batini ni kilicho ndani. Wazee wa pwani wanasema "dhahiri na batini" kwa pumzi moja kama vile wengine tunavyosema usiku na mchana. Batili ni mtu mwingine kabisa, huyo unamjua, ndoa batili, mkataba batili, uchaguzi umebatilishwa. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu ila mizizi yake haina hata undugu, yamefanana sura tu.

Mi mwenyewe hizi herufi mbili zilishaniaibisha. Nikiwa mtoto madrasa nilikuwa nasoma ile aya ya 81 ya Surat Israi, ya haki imekuja na batili imetoweka, sa mi kwa haraka zangu nikasoma "baatin" badala ya "baatil", ustadhi akanyanyua mkono darasa zima likanyamaza, akaniuliza unajua umesema nini wewe? Umesema cha ndani kimetoweka! Halafu akanikumbusha kwamba Al-Batin ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, lipo Surat Hadid aya ya 3, limekaa pembeni ya Adh-Dhahir. Nilirudia ile aya mpaka wenzangu wakaanza kucheka, na toka siku hiyo sijawahi kuchanganya tena.

Kama mhariri wako hataki ya madrasa mpeleke kwa fundi cherehani. Muulize fundi, koti hili unalitia bitana? Bitana, kile kitambaa cha ndani cha koti, inatoka mzizi uleule wa batini. Hakuna anayeiona ukilivaa, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema bitana ni koti la uongo, bila hiyo koti halikai hata begani. Hiyo ndo batini, maana iliyoshonewa ndani ya maana.

Sasa nimtetee mhariri kidogo, maana kwenye apokrifa kuna kitu kweli kilitokea. Kigiriki chake, apokrifos, maana yake ni kilichofichwa, basi, hakuna uongo humo. Fungua Wakolosai 2:3, Biblia ya Union ya 1952 inasema hazina zote za hekima na maarifa "zimesitirika" ndani ya Kristo, na neno la Kigiriki pale ni hilohilo, apokrifoi. Angalia na watafsiri walivyochagua, hawakusema zimefichwa, wamesema zimesitirika, kwa sababu kuficha kwetu kuna harufu ya wizi ila kusitiri kuna heshima, unasitiri mwili, unasitiri aibu ya ndugu yako. Mi hapo nawavulia kofia.

Na kuna watu waliolivaa neno hilo kama cheo. Mwaka 1945 kule Nag Hammadi, Misri ya juu, zilipatikana kodeksi 13, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, za Kikoptiki, lugha ya zamani ya Wakristo wa Misri, na kimojawapo cha vitabu vilivyomo kinajiita chenyewe Apokrifoni ya Yohana, yaani kitabu cha siri cha Yohana. Hakuna mtu anayeandika kitabu akakipa jina Uongo wa Yohana! Injili ya Tomaso nayo, iliyokuwemo humohumo, inaanza kwa kusema haya ni maneno ya siri aliyoyasema Yesu aliye hai. Na nje ya Nag Hammadi, kwenye kile kitabu cha kale cha Kiyahudi kinachoitwa Ezra wa Nne, sura ya 14, Ezra anaandikiwa vitabu 94, anaambiwa 24 avitoe hadharani wasome wanaostahili na wasiostahili, halafu 70 vilivyobaki awape wenye hekima tu. Kwa hiyo kwa huyo mwandishi kilichofichwa ndo kilikuwa juu zaidi.

Iligeukaje basi? Kwenye mwaka 180 hivi Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika dhidi ya walimu aliowaona wapotoshaji, akasema wana maandiko mengi mno "yaliyofichwa na ya kughushi", akayafunga maneno mawili kwa kamba moja, na neno la pili kwa Kigiriki ni lilelile wanaloitia mtoto wa nje ya ndoa. Ukishalifunga neno na jirani wa namna hiyo harufu inahamia. Mwaka 367 Athanasi, askofu wa Aleksandria, akatuma barua yake ya Pasaka yenye orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivihivi tulivyonavyo, na humo apokrifa akaziita kazi ya wazushi. Toka hapo kwa watu wengi batini imekuwa batili, tena Wagiriki wala hawakuwa na kisingizio cha n na l.

Ila hukumu hiyo inategemea unaongea na nani, na hapa ndo nakuomba uwe makini kwenye makala yako. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, hivyo 7 Mprotestanti anaviita apokrifa, Mkatoliki anaviita deuterokanoni, yaani vya kanuni ya pili, na anavisoma kanisani. Kitabu cha Henoko huku kwetu wengi wanakisikia tu, lakini kwa Waorthodoksi wa Ethiopia ni Maandiko kamili, na ni kwa Kigeez, lugha yao ya kale ya kanisani, ndo kimebaki kizima mpaka leo, na Waraka wa Yuda aya ya 14 unamnukuu Henoko bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo ukiandika "vitabu batili" tayari umeshachagua kanisa. Ukiandika "vitabu visivyokuwemo kwenye kanuni ya Waprotestanti", yaani orodha yao ya vitabu vya Biblia, sentensi inakuwa ndefu, sawa, lakini ni ya kweli.

Na kama shida ni mwandishi, yaani jina lililo juu ya kitabu sio la aliyekiandika, usiseme siri wala batini wala apokrifa, Kiswahili kina neno tamu kabisa, kusingizia. Kitabu kilichosingiziwa Henoko. Barua ya Saba ya Plato, wako wanaosema ni yake na wako wanaosema amesingiziwa. "Barua bandia" ni kali mno kwa jambo ambalo bado watu wanabishana.

Haya, siri na fumbo. Siri ina mwenyewe, kuna mtu anajua na hataki kusema. Kwa Pythagoras siri inakaa vizuri, Iambliko, mwanafalsafa aliyeandika karibu miaka 800 baada yake, anasimulia kwamba wanafunzi walikaa kimya miaka 5 wakimsikiliza mwalimu nyuma ya pazia, iwe kweli ilikuwa hivyo au watu walishaongeza chumvi, neno ni siri.

Fumbo ni tofauti, fumbo linasemwa mbele ya kila mtu ila limefumbwa. Wafuasi wa Pythagoras walikuwa na misemo kama "usichochee moto kwa kisu", jikoni haina maana yoyote, lakini wafasiri wa zamani walieleza kwamba ni usimchokoze mwenye hasira. Hilo ni fumbo hata bibi yangu angelifumbua kabla chai haijachemka. Na kuna kitu hapa kinanifurahisha kila nikikifundisha: neno la Kigiriki misterion, ambalo sisi tunalitafsiri siri au fumbo, linahusishwa na kitenzi cha kufumba, kufumba macho au kufumba kinywa, na fumbo letu nalo linatoka kufumba, macho na kinywa vilevile! Hawa watu na Wabantu hawakukaa kijiwe kimoja. Kwa hiyo Wakatoliki wanaposema fumbo la imani wameenda karibu sana na mzizi, wakati Union kwenye Mathayo 13:11 wameandika "siri za ufalme wa mbinguni", na hata hiyo siilaumu maana pale panasisitizwa nani amejaliwa kujua na nani hakujaliwa.

Plato ndo anasumbua. Watu wanapenda kuandika "mafundisho ya siri ya Plato", ila Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwenye kitabu cha 4 cha Fizikia anataja tu mafundisho "yasiyoandikwa". Kutoandika sio kuficha jamani, mama yako hajawahi kuandika namna anavyopika pilau na kila mtu mtaani ameshaila. Tena kuna habari ya Aristokseno, mwanafunzi wa huyo Aristotle, kwamba Plato aliwahi kutoa muhadhara juu ya Wema, watu wakaja wakidhani watasikia habari za utajiri na afya na nguvu, akawaletea hesabu na nyota, wakaondoka wamenuna. Siri gani hiyo ya kualikia watu? Hapo andika "mafundisho yasiyoandikwa" uishie hapo.

La mwisho linakuhusu wewe na sio mhariri. Batili linajitegemea, ndoa batili, hoja batili. Batini mimi nalitumia kama nomino, kwa hiyo linataka "ya" au "za": maana ya batini, elimu ya batini. Wewe uliandika "mafundisho batini" bila "ya", yaani ulilivalisha nguo za batili mwenyewe, mhariri akaona n akadhani kidole kimeteleza. Mrudishie na "mafundisho ya batini" uone kama atagusa tena, na kama simu yako ni kama yangu angalia kabla hujatuma, yangu nikiandika batini inaniletea batiki.